Picha Ipo, Sauti Hakuna: Historia Fupi ya Ukimya wa TV Kwenye Kompyuta



Kuna swali ambalo sisi tunaodhaniwa mtaani kuwa "tunajua kompyuta" hatuachi kuulizwa: "Dada, nimefunga TV kwenye kompyuta. Picha inakuja safi kabisa, lakini sauti hakuna. Nifanyeje?" Kabla hujafungua mdomo, muulizaji ameshajijibu mwenyewe. Spika zimekufa. Waya umekatika. Au ile kadi ya TV ni feki ya Kariakoo. Maskini Kariakoo, kila ubaya ni wake!

Jamani, mara nyingi spika ni nzima na waya ni mzima. Sauti imesafiri kutoka kituo cha TV, imenaswa na antena, imeingia ndani ya kompyuta salama salimini. Ipo humo humo. Tatizo ni kwamba hakuna anayejua kuisoma. Na ukifuatilia kwa nini msomaji huyo hayupo, utajikuta umetoka kwenye mambo ya mafundi na kuingia kwenye historia: kamati, hataza, kesi mahakamani, na swali la nani alipwe kila mtu anapowasha TV sebuleni kwake.

Mimi kazi yangu ni habari, na taarifa ya habari ni maneno. Mzee ambaye macho yamefifia huifuata TV kwa masikio tu. Mkate sauti, umemkata yeye na nchi yake. Ndiyo maana naona suala hili linastahili zaidi ya jibu la "jaribu kuizima na kuiwasha tena".

Haya, tuanze na enzi za analojia.

Wakati ule picha na sauti vilikuwa mawimbi mawili yanayosafiri sambamba, kama ndugu wawili wanaotembea barabara moja, mmoja kushoto na mwingine kulia. Umbali kati yao ulipangwa na kila nchi. Kenya ilitumia mpango uitwao B/G, ambao sauti hukaa megahezi 5.5 kutoka kwenye picha. Uingereza na Afrika Kusini zilitumia mpango uitwao I, ambao sauti hukaa megahezi 6.0. Tofauti ni nusu megahezi tu, lakini ilitosha kuharibu sherehe. Mjomba anarudi kutoka London na TV kubwa begani, inawashwa Nairobi mbele ya majirani, picha inatokea, na badala ya sauti unasikia mchakacho wa mvua juu ya bati. TV ilikuwa inaitafuta sauti mahali ambapo sauti haipo.

Dawa yake ilikuwa rahisi. Fundi wa mtaani alifungua mgongo wa TV, akabadilisha kifaa kidogo kinachochuja wimbi la sauti, akalipwa, mambo yakaisha. Hakuandika barua kwa mtu yeyote kuomba ruhusa. Shikilieni jambo hilo, kwa sababu ndilo lililokuja kubadilika.

Katika miaka ya 1990 kompyuta nazo zikaanza kupata kadi za TV. Kampuni ya Hauppauge ya Marekani ndiyo iliyojulikana zaidi kwa kadi hizo. Nyingi za mwanzo hazikupeleka sauti ndani ya kompyuta kwa njia ile ile ya picha. Kulikuwa na waya mfupi uliotoka kwenye kadi ya TV kwenda kwenye tundu la kadi ya sauti. Ukisahau kuchomeka, kimya. Ukichomeka lakini tundu hilo limezimwa kwenye programu ya sauti, kimya vile vile. Hata hapo tatizo lilikuwa la kuonekana kwa macho, na mtoto wa darasa la saba angeweza kulitatua.

Kisha ikaja dijitali.

Katika dijitali sauti haiwi wimbi tena, inakuwa namba. Kila sekunde sauti hupimwa mara 48,000, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Kwa sauti ya spika mbili hiyo ni biti 1,536,000 kila sekunde. Kwa sauti ya sinema, yenye spika tano na moja ya besi, inafika karibu biti milioni 4.6. Sasa chukua Marekani, ambako kituo kimoja cha TV ya dijitali kilipewa nafasi ya megabiti 19 na ushee kwa sekunde kwa kila kitu. Sauti peke yake ingekula karibu robo ya chakula cha picha! Haikuwezekana. Ilibidi sauti ibanwe.

Wanaobana sauti hutumia udhaifu wa sikio letu. Simama stendi ya daladala saa moja asubuhi, mwambie rafiki yako siri kwa kunong'ona wakati konda anapiga kelele pembeni. Hatasikia. Mnong'ono ulikuwepo, lakini kelele kubwa iliufunika. Programu inayobana sauti huchungulia kila kipande kidogo cha sauti, ikatafuta minong'ono iliyofunikwa, ikaitupa. Kinachobaki huandikwa kwa kifupi, kwa namna ya pekee. Upande wa pili lazima awepo mtu anayejua kifupi hicho ili akifumbue. Huyo ndiye king'amuzi.

Neno zuri sana hilo, king'amuzi. Kung'amua ni kutambua jambo lililofichika. Sisi tulilizoea kwa lile boksi la TV, lakini ndani ya boksi lile mna ving'amuzi viwili tofauti: kimoja cha picha, kimoja cha sauti. Kila kimoja kina lugha yake na, mara nyingi, mwenye mali wake. Ndiyo sababu picha inaweza kuja peke yake ikamwacha mwenzake nyuma.

Sasa, nani alibuni vifupi hivyo? Hapa dunia iligawanyika.

Ulaya kulikuwa na mfumo ulioitwa MUSICAM, uliotengenezwa na taasisi ya IRT ya Ujerumani, CCETT ya Ufaransa na kampuni ya Philips ya Uholanzi. Mfumo huo ukawa msingi wa kile kilichotangazwa mwaka 1993 kama MPEG-1 Layer II, kwa kifupi MP2. Ndiyo, ni ndugu wa MP3 tunayoijua wote, ila MP2 ilikwenda kuishi kwenye redio na TV. Muungano wa DVB, ulioanzishwa mwaka 1993 kusimamia TV ya dijitali Ulaya, ukaichukua. Kwa kuwa MP2 ilikuwa ya zamani kidogo na nyepesi, programu nyingi za kompyuta ziliisoma bila taabu.

Marekani wakaenda njia nyingine. Kule alikuwepo Ray Dolby, Mmarekani aliyeanzisha kampuni yake London mwaka 1965 na baadaye kuihamishia San Francisco. Wale waliokua na redio za kaseti wanalikumbuka jina hilo, lilikuwa kwenye kile kitufe cha kupunguza mchakacho. Mwaka 1992 kampuni hiyo iliingiza sauti ya dijitali kwenye sinema ya Batman Returns. Namba zake zilichapwa kwenye filamu yenyewe, katikati ya vile vitobo vya pembeni. Mfumo huo ndio AC-3, wengi wanaufahamu kama Dolby Digital.

Mei 1993 makundi yaliyokuwa yanashindana kutengeneza TV ya dijitali ya Marekani yaliungana. Walikuwa saba: AT&T, General Instrument, chuo kikuu cha MIT, Philips, kituo cha utafiti cha Sarnoff, Thomson na Zenith. Ikabidi wachague mfumo mmoja wa sauti. Waliopimwa ni AC-3 ya Dolby, mfumo wa MIT wenyewe, na MUSICAM ya Wazungu wa Ulaya. AC-3 ikashinda, na tarehe 24 Desemba 1996 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ikaupitisha mfumo mzima wa TV ya dijitali ya nchi hiyo.

Miaka ikapita. Novemba 2002 gazeti la wanafunzi wa MIT, The Tech, likaandika jambo ambalo kwangu mimi mwandishi ni darasa tosha. MIT na Dolby walikuwa wameelewana kugawana mapato ya leseni endapo mfumo wa mmoja wao utachaguliwa. Baadaye wakakosana juu ya makubaliano hayo, wakafikishana mahakamani, kisha wakamalizana nje ya mahakama. MIT ikapata takriban dola milioni 30.

Nieleweke vizuri. Sisemi kwamba AC-3 ilikuwa mbaya. Ni mfumo mzuri, na masikio ya dunia nzima yameshuhudia. Ninachosema ni kwamba ndani ya chumba kile, mezani, palikuwa na fedha kwa yeyote ambaye kifupi chake cha sauti kingekuwa sheria ya nchi. Mnunuzi wa TV hakuwemo chumbani. Na bili ilikwenda kwake, ikiwa imefichwa ndani ya bei ya kila TV na kila boksi.

Kichekesho ni hiki: maelezo ya AC-3 hayakuwa siri. Yalichapishwa mwaka 1995, na yeyote aliweza kuyasoma na kujua jinsi ya kuandika king'amuzi. Kujua ilikuwa bure, kutumia ndiko kulikokuwa na hataza, yaani haki ya mvumbuzi kulipwa kwa kipindi maalumu. Unaruhusiwa kusoma mapishi, lakini ukibandika sufuria tu, unadaiwa.

Na kompyuta je? Hapo ndipo kasheshe lilipoanza.

Oktoba 2002 Microsoft ilitoa Windows XP Media Center Edition. Ndoto yake ilikuwa tamu: kompyuta inakaa sebuleni, imeunganishwa na TV, unashika rimoti, unaangalia matangazo, unarekodi, unacheza muziki. Mwaka huo huo Isaac Richards alianza kuandika MythTV, programu huria ya Linux yenye ndoto ile ile. Vijana wengi wa Marekani na Ulaya wakaanza kujijengea kompyuta za sebuleni.

Tatizo ni kwamba Windows XP haikuja na king'amuzi cha AC-3 wala cha picha za DVD. Kwa nini? Leseni. Kila king'amuzi kina malipo kwa kila kompyuta inayouzwa, na si kila mnunuzi angeangalia TV. Basi mtumiaji aliachiwa ajitafutie: anunue programu ya DVD ya InterVideo, au ya CyberLink, au king'amuzi cha NVIDIA. Watengenezaji wengine waliweka kimoja kwenye kompyuta zao, wengine hawakuweka. Baadaye, toleo jipya la Media Center lilipoanza kupokea TV ya dijitali ya Marekani, ambayo sauti yake ni AC-3, ukosefu huo ukawa wazi kabisa.

Watu wakafanya walichofanya watu siku zote: wakatafuta cha bure kwenye intaneti. Yakatokea mafurushi ya ving'amuzi, kumi, ishirini, kwa mpigo mmoja. Ukifunga furushi moja, sauti inakuja. Ukifunga la pili ili upate picha za aina nyingine, sauti inaondoka!

Siri yake iko hapa. Windows ya wakati ule iliunganisha ving'amuzi kwa utaratibu uitwao DirectShow. Kila king'amuzi kilipofungwa kilijiandikisha na alama za kipaumbele. Kazi ikija, Windows humwita mwenye alama za juu. Na alama hizo alijipa nani? Mwenye programu mwenyewe! Fikiria usaili wa kazi ambapo kila mwombaji anajisahihishia mtihani. Kila mmoja akajipa alama za juu, na asiyeweza kazi akapita mbele ya anayeiweza. King'amuzi cha majaribio kilichokwisha muda wake kinang'ang'ania kiti, kile kizima kiko nyuma kimekaa kimya. Huo ndio ukimya uliowakosesha watu usingizi katikati ya miaka ya 2000. Dawa haikuwa kuongeza kitu, ilikuwa kuondoa.

Wakati huo upande wa pili kulikuwa na watu walioona mambo kwa jicho jingine. Mwaka 1996 wanafunzi wa École Centrale Paris walitaka kuangalia TV kupitia mtandao wa chuo chao. Mradi wao, VideoLAN, ndio uliozaa programu ya VLC, ambayo Februari 2001 chuo kiliruhusu itolewe kwa leseni huria. Mwaka 2000 Mfaransa mwingine, Fabrice Bellard, alianzisha FFmpeg, ghala la ving'amuzi ambalo leo limejificha ndani ya programu zisizohesabika. VLC haikutegemea utaratibu wa alama wa Windows. Ilibeba ving'amuzi vyake yenyewe tumboni. Na kwa kuwa makao yake ni Ufaransa, ambako sheria ya hataza za programu si kama ya Marekani, iliweza kugawa bure kile ambacho wengine walikiuza.

Kwa hiyo, kile kikofia cha rangi ya chungwa mnachokiona kwenye karibu kila kompyuta ya kafe na ofisi hapa mjini kilizaliwa na wanafunzi waliotaka kuangalia TV. Si ajabu kwamba hadi leo ndiyo dawa ya kwanza.

Msidhani Ulaya na MP2 yao waliendelea kulala usingizi mnono. TV ya ubora wa juu ilipokuja, walitaka sauti iliyobanwa zaidi. New Zealand ilizindua huduma yake mwaka 2008 na Uingereza ikafuata mwishoni mwa 2009, zote zikitumia sauti ya familia ya AAC. Watu wenye kompyuta za sebuleni wakasema, ah, AAC tunaijua, simu na vicheza muziki vyetu vinaisoma. Wakawasha. Picha safi, sauti hakuna!

Ilikuwaje? Barua ilikuwa ile ile, bahasha ndiyo iliyobadilika. AAC ya kwenye muziki huja kwa bahasha moja, na ile ya TV ilikuja kwa bahasha nyingine iitwayo LATM. King'amuzi kilijua kusoma barua lakini hakikujua kufungua bahasha. Ilibidi wataalamu wa kujitolea waandike kifungua bahasha, na kwa muda watu walikuwa na TV ya kisasa inayoonyesha midomo ikicheza.

Turudi Microsoft, kwa maana hadithi yao ina mzunguko wa ajabu. Windows 7 ya mwaka 2009, katika matoleo yake ya nyumbani ya bei ya juu, ilikuja na ving'amuzi vya DVD na Dolby ndani. Watu wakashangilia. Windows 8 ya 2012 ikaiondoa Media Center na uchezaji wa DVD kwenye mfumo wa kawaida, ikawa nyongeza ya pembeni. Sababu waliyoitaja ni gharama za leseni. Windows 10 ya 2015 ikaizika Media Center moja kwa moja. Na toleo la 24H2 la Windows 11, lililotoka 2024, likaanza kusafirishwa kwenye kompyuta mpya bila king'amuzi cha AC-3. Miaka 22 baada ya 2002, tumerudi pale pale: kompyuta mpya, picha ipo, sauti utajitafutia.

Na hili linatokea baada ya hataza za AC-3 kumalizika! Zilifikia kikomo mwaka 2017, mwaka ule ule ambao mpango wa leseni za MP3 nao ulifungwa. Yaani mapishi sasa ni ya wote. Je, hadithi imekwisha? Hapana. Novemba 2017, FCC iliruhusu vituo vya Marekani vianze kwa hiari kizazi kipya cha TV, ATSC 3.0. Sauti iliyochaguliwa kule ni AC-4, ya Dolby pia, yenye hataza mpya. Korea Kusini, iliyotangulia kuzindua mwaka huo huo, ilichagua mfumo mwingine uitwao MPEG-H. Wamarekani wa mwanzo walionunua vifaa vya kupokea matangazo hayo kwenye kompyuta walikutana na kitu gani? Mmeshajua. Picha ipo.

Hapo ndipo ninapotaka kuja kwetu.

Mwaka 2006 mkutano wa Geneva uliweka tarehe ya nchi za Afrika na Ulaya kuacha analojia: 17 Juni 2015. Tanzania iliwahi. Usiku wa 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na neno king'amuzi likaingia kila nyumba. Kenya ikafuata kati ya mwisho wa 2014 na mwaka 2015, kwa vuta nikuvute iliyofika hadi mahakamani. Mjadala wetu ulikuwa juu ya bei ya boksi na chaneli zipi ziwe za bure. Ulikuwa mjadala halali kabisa. Lakini sikumbuki kusikia mtu akiuliza: sauti itaandikwa kwa kifupi gani, na ni nani mwenye nacho?

Boksi lilituficha swali hilo, kwa kuwa boksi huja na ving'amuzi vyote ndani, vimeshalipiwa. Siku unapolikwepa ndipo unapokutana na ukweli. Shemeji yangu wa Sinza alinunua kifaa kidogo kama flashi, cha kunasia TV ya dijitali kwenye kompyuta yake kuukuu. Chaneli zikaja zote. Nyingine zilisema, nyingine zilikuwa bubu. "Shem, hizi bubu hazijalipiwa?" akaniuliza. Zilikuwa za bure kama zile nyingine. Tulipofungua maelezo ya kila chaneli kwenye VLC tukaona: sauti zao hazikuandikwa kwa mfumo mmoja. Programu iliyokuja na kifaa chake ilijua mfumo mmoja tu.

Kwa hiyo, kwa wale wanaotaka msaada wa haraka, mpangilio wangu ni huu, na kila hatua ina historia yake mliyoisoma hapo juu.

Kwanza, cheza wimbo wowote. Ukisikika, spika hazina kosa, waacheni wapumzike. Pili, ifungue chaneli hiyo hiyo kwa VLC. Ikisema, tatizo ni king'amuzi cha ile programu nyingine. Tatu, ukiwa kwenye VLC, angalia maelezo ya kodeki, utaona jina: MPEG Audio, AC-3 (pengine imeandikwa A52), au AAC. Sasa unajua unachotafuta. Nne, angalia kama chaneli ina sauti zaidi ya moja. Huenda umechaguliwa mkondo usio na kitu. Tano, kama kompyuta imeunganishwa na redio kubwa au TV kwa HDMI au waya wa mwanga, angalia kama imeagizwa kutuma sauti bila kuifumbua. Hapo kompyuta inapitisha bahasha ikiwa imefungwa, na kama kifaa cha upande wa pili hakijui kuifungua, kimya. Iambie itume PCM, yaani sauti iliyokwisha kufumbuliwa. Sita, kama ni Windows ya zamani yenye mafurushi ya ving'amuzi, ondoa yote, kisha rudisha kimoja tu.

Mkifanya hayo sita, wengi wenu mtasikia kitu.

Lakini nisiishie kwenye ufundi. Yule fundi wa zamani aliyebadilisha kichujio cha TV ya London alikuwa na uhuru ambao sisi, na mashine zetu za gharama, tumeupoteza kidogo kidogo bila kupiga kura. Mawimbi ya TV ni mali ya umma. Nchi huyagawa kwa vituo kwa masharti, kwa niaba yetu. Je, ni sawa kwamba sauti inayopita kwenye mawimbi yetu iweze kusomwa tu na kifaa ambacho kampuni ya mbali imekiruhusu?

Kizazi kijacho cha TV kitafika na kwetu. Kutakuwa na kamati, kutakuwa na wataalamu, kutakuwa na semina hotelini na chai ya saa nne. Na kwenye nyaraka kutakuwa na mstari mmoja mfupi umeandikwa "mfumo wa sauti", ambao kila mtu ataufunua haraka ili afike kwenye bajeti. Waandishi wenzangu, simameni pale. Ulizeni mambo matatu: nani mwenye hataza, inakwisha lini, na je, mwanafunzi wa chuo chetu akiandika king'amuzi chake mwenyewe atashtakiwa?

Wamarekani hawakuuliza kwa sauti mwaka 1993. Wengine wao bado wanaangalia midomo ikicheza.

Tafakarini. Na wewe mwenye kompyuta bubu pale nyumbani, anza na wimbo kwanza.